Mmeksiko wa Marguerite

Siku habari ilipofika Kamenge kwamba Evaristo Cantoral amefariki, Marguerite alilia mpaka majirani wakaja mbio kuuliza nani kafiwa. Kamenge ni mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, na Evaristo Cantoral alikuwa mwigizaji wa Meksiko. Katikati hapo pana bahari na nusu ya dunia. Marguerite hakuwahi kumwona ila kwenye kioo cha televisheni. Hata hivyo alijifunga kitenge cheusi kichwani, akatandika mkeka sebuleni, akakaa kama wakaavyo wenye msiba.

"Pole sana, mama," majirani walisema, kisha wakauliza taratibu marehemu alikuwa nani wake.

"Ni Leandro," alijibu kwa kwikwi.

Basi, hakuna aliyeuliza tena. Leandro walimjua wote. Candide, jirani mwenye saluni, aliketi mkekani akatoa machozi mawili matatu ya kwake.

Byamungu, mume wa Marguerite, alibaki mlangoni kama mtu aliyepotea nyumba.

"Mama Benite, jikaze basi," alisema. Benite ni binti yao. "Ule alikuwa mucheza filimu tu."

"We unyamaze, Papa Benite. We haukumujua ule mutu vile mi nilimujua."

Maneno hayo yalimchoma Byamungu mpaka kwenye maini. Kumwonea wivu marehemu ni aibu, tena marehemu wa Meksiko, lakini yeye alikuwa nao, na haukuwa wivu wa jana. Alikuwa ameutunza miaka ishirini, tangu kabla hawajaoana. Na kibaya zaidi, mtu wa kulaumiwa alikuwa yeye mwenyewe.

Byamungu alivuka mpaka kutoka Uvira, upande wa Kongo, akiwa kijana mwenye mkoba mmoja na sauti nzuri. Mkoba uliibwa wiki ya kwanza, sauti ikabaki. Kwa sauti hiyo alipata kazi kwa Massoudi, mwenye ukumbi wa video: mabati juu, mabenchi ya mbao, televisheni moja kubwa na spika mbili zenye kikohozi. Filimu za ng'ambo zilihitaji mfasiri wa kukaa pembeni ya kioo na kipaza sauti, akawasemea wote kwa Kiswahili cha mji: wanaume, wanawake, polisi, watoto, na ikibidi mbwa. Byamungu alifasiri kutoka Kifaransa, na alifasiri vizuri.

Siku moja Massoudi alirudi kutoka Dar es Salaam na kasha la diski. Ulikuwa mchezo wa televisheni wa Meksiko, wenye sehemu mia moja na ishirini. Kasha liliandikwa kwamba ni Kifaransa. Walipoingiza diski, lo, Kihispania kitupu, hata maandishi ya chini hakuna. Na watu walikuwa wameshatangaziwa.

"Byamungu, Kiespanyoli unajuwa?" Massoudi aliuliza, jasho likimtoka.

"Najuwa."

Hakuwa mwongo kabisa. Utotoni alitumikia misa kwa mapadri wa Kiitaliano, akajua Baba Yetu nzima kwa Kiitaliano, pamoja na namna ya kuomba chumvi mezani. Katika akili yake, wazungu wanaofanya ishara ya msalaba kwa namna moja lazima waongee lugha moja. Dakika tano za kwanza zilimwonyesha kwamba chumvi haitamfikisha popote.

Juu ya hayo, Massoudi aliangusha kasha, diski zikachanganyika, na iliyoanza kuonyeshwa ilikuwa ya nne. Humo alionekana mwanamume mrefu mwenye masharubu na koti jeusi, anaweka ua jeupe juu ya kaburi huku machozi yanamshuka. Wenzake walimwita Leandro. Byamungu alimtazama yule mtu anavyolia, akaamua hapohapo: mtu anayelia namna hii hawezi kuwa mbaya. Akashika kipaza sauti, akawatangazia watu wa Kamenge kwamba huyu ni Leandro, mutu wa roho muzuri, na dunia inamuonea.

Wiki ya tatu ndipo diski ya kwanza ilipopatikana, na Byamungu akaona kwa macho yake Leandro akimimina kitu kutoka kichupa kidogo ndani ya glasi ya kaka yake. Kaka akanywa, akaanguka. Kaburi lile la ua jeupe lilikuwa la huyo kaka. Leandro ndiye aliyekuwa mwovu wa hadithi nzima, mla mashamba ya wajane, na machozi yake yalikuwa ya mamba.

Ungefanyaje wewe? Mtaani tayari palikuwa na vichanga wawili waliobatizwa Leandro. Byamungu alimeza mate, akafasiri: ile ni dawa ya tumbo, masikini, imechelewa. Ukumbi mzima ukasikitika. Na kijana mmoja wa gitaa, shujaa halisi wa mchezo huo, aliyetaka kumwokoa mrembo Rosaura mikononi mwa Leandro? Byamungu alimgeuza mwizi wa mashamba. Alipofungwa gerezani kwa kusingiziwa, Kamenge ilipiga makofi mpaka mabati yakatetemeka.

Diski ya mwisho ndiyo iliyomshinda. Humo Leandro anatiwa pingu na Rosaura anamtemea mate usoni. Dawa ya tumbo inaelezeka, mate hayaelezeki. Byamungu aliichukua asubuhi na mapema, akaitupa mtoni Ntahangwa, akatangaza kwamba imekwaruzika. Jioni akasimama mbele ya kioo kisicho na picha akawasimulia mwisho kwa mdomo: arusi, msamaha na mvua baada ya kiangazi. Mpaka leo wako watu wanaoapa kwamba waliiona ile mvua.

Sasa, katikati ya uongo huu wote alikuwapo Marguerite. Alikuwa msichana kutoka Ruziba, kusini kando ya ziwa, na alikuwa akiuza mandazi mlangoni pa ukumbi. Filimu ikinoga aliegemea mwimo wa mlango akasahau wateja. Byamungu alimpenda mpaka akawa bubu. Mbele ya kipaza sauti alikuwa simba, lakini mbele ya beseni la mandazi alinyoosha kidole tu, akalipa, akaondoka. Wiki nzima alikula mandazi asiyoyataka.

Ndipo ikafika sehemu ambayo Leandro anapiga goti mbele ya Rosaura, shambani. Byamungu alimwona Marguerite mlangoni. Akapiga moyo konde, akamsemea Leandro hivi:

"Mi sina ngombe. Sina shamba. Sina ata baba wa kwenda kunisemea kwenu. Niko na hii mudomo tu, na kila siku inafanyia batu bengine kazi. Leo, kwa mara ya kwanza, inafanya kazi yangu."

Ukumbi ulitulia kama kanisani. Kisha mmoja wa nyuma akapiga kelele:

"Hana ngombe? Na zile nyuma yake?"

Kweli, nyuma ya Leandro lilikuwa limetanda kundi la ng'ombe wa kujaza bonde.

"Zile ni ya jirani!" Byamungu akajibu bila kupepesa, na hadithi ikaendelea.

Watu walipotoka, Marguerite alimfuata pale pembeni ya kioo. Macho yalikuwa mekundu.

"Ule mutu," aliuliza, "anasemaka vile kweli? Mu luga yake?"

Hapo ndipo mlango ulipofunguka, na Byamungu angeweza kuingia. Lakini Massoudi alikuwa amesimama hatua mbili tu, anakunja nyaya, na Massoudi aliamini ameajiri mjuzi wa Kihispania. Kusema kweli kungemwondolea kazi, na mtu asiye na kazi angemwoaje Marguerite?

"Njo vile anasema," alijibu. "Mi nafasiri tu."

"Ana roho muzuri sana," Marguerite alisema, akaenda zake.

Walioana, ndiyo. Marguerite alijiambia kwamba mtu anayeweza kubeba maneno kama yale bila kuyamwaga njiani anafaa kuishi naye. Siku ya mahari, huko Ruziba, bwana arusi alikaa kimya na Massoudi akamsemea, maana desturi haimruhusu mwoaji kufungua mdomo. Kazi hiyo ni ya msemaji. Massoudi alitoa hotuba ya ovyo ajabu, akachanganya majina ya shangazi wawili. Byamungu alikaa akiuma midomo, maneno yamemjaa hadi kooni.

Kisha maisha yakaenda. Watu wakanunua televisheni zao, halafu simu, na ukumbi wa Massoudi ukawa stoo ya saruji. Byamungu aligeukia kazi ya usemaji katika mahari za wengine, na alisifiwa mpaka Mutanga Sud, wanakoishi wenye vyeo. Nyumbani, hata hivyo, waliishi watatu kabla Benite hajazaliwa, na wanne baadaye. Leandro hakuhama. Byamungu akichelewa kurudi: "Leandro hangefanya vile." Akisema neno la ukali: "Leandro hangesema vile." Siku za kupendana ilikuwa mbaya zaidi, maana Marguerite alifumba macho na kusema polepole, "Niko na hii mudomo tu," akatabasamu, na Byamungu hakujua lile tabasamu linakwenda kwake au linavuka bahari.

Mara ngapi alitaka kumwambia? Usiulize. Kila mara alijiona mbele ya Kamenge nzima kama mwongo wa sehemu mia moja na ishirini, na mbele ya Marguerite kama kitu kibaya zaidi, mtu aliyempata mke kwa filimu ya kughushi. Akanyamaza. Uongo ukizeeka hupata adabu ya mgeni wa heshima, huna namna ya kumwambia aondoke.

Siku ya pili ya kilio, Benite alikuja kutoka chuoni na simu yake. Alikuwa amepata maisha ya marehemu yameandikwa kwa Kifaransa. Akaketi karibu na mama yake, akaanza kumfasiria.

Evaristo Cantoral alizaliwa kaskazini mwa Meksiko, katika mji wa vumbi, mtoto wa mwoka mikate. Alikwenda mji mkuu akacheza maiti na madereva kwa miaka kumi na miwili. Kisha mwigizaji mmoja akavunjika mguu, Evaristo akapewa nafasi yake kwa sababu koti lilimtosha.

"Nafasi gani?" Marguerite aliuliza.

"Banasema alikuwa…" Benite alisita. "Mama, banasema alichezaka batu babaya tu. Miaka makumi tatu. Banamama ba kule balimupiga na miavuli mu soko."

"Mu internet kuko bongo mingi, uongo tu," Byamungu alisema haraka kutoka mlangoni.

Benite aliendelea. Mwishoni kulikuwa na mahojiano ya uzeeni. Mwandishi alimuuliza mzee anajutia nini. Akajibu kwamba hajutii, kazi ya uovu imemlisha na kusomesha watoto watatu. Ila kuna kitu kimoja. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyempa nafasi ya mpenzi. Angependa, hata mara moja tu, apige goti mbele ya mwanamke na kumwambia jambo jema, na watu waamini.

Byamungu alitoka nje. Alisimama kando ya kamba ya nguo, akashangaa kuona ana machozi. Miaka ishirini alikuwa akimchukia yule mzee kama mtu aliyemnyang'anya mke. Kumbe walikuwa wamekopeshana bila kujuana: huyu alitoa uso, huyu alitoa maneno, na hakuna aliyefaidi vyote viwili. "Ndugu yangu," alisema kimoyomoyo, "nafasi yako ulipewa. Ilikuwa huku Kamenge, na mimi sikukuletea habari."

Siku hiyohiyo mambo yakaharibika. Stesheni moja ya satelaiti ilitangaza kwamba Jumamosi, kuanzia saa tisa alasiri, itaonyesha sehemu kuu za Leandro kwa heshima ya marehemu, zimefasiriwa kwa Kifaransa. Candide alizunguka mtaa mzima akitoa habari. Byamungu alianza kuombea umeme ukatike. Umeme wa Kamenge hukatika kwa sababu ya mvua, ya jua, na wakati mwingine bila sababu yoyote. Jumamosi hiyo uliwaka kama umelipiwa kwa miaka kumi.

Saa tisa sebule ilijaa. Candide alikaa mbele, wateja wake wawili wakiwa na nywele nusu zimesukwa nusu bado. Benite alikaa chini kumfasiria mama yake maneno magumu. Byamungu alibaki kwenye kona.

Sehemu ya shambani ilikuja mapema. Leandro akapiga goti. Kumbe hakuwa amepiga goti la mapenzi hata kidogo. Karatasi ilikuwa imemdondoka, akainama kuiokota, akamnyooshea Rosaura kutoka hapohapo chini.

"Anasema," Benite alifasiri, sauti ikimpungua, "'Rosaura, tia saini, hii shamba ikuwe yangu. Bila ivyo, kesho utazika mama yako.'"

Candide akaruka juu, akaapa kwa Kirundi.

"Yampayinka! Hii Kifaransa iliharibika! Leandro anaweza kusema maneno kama iyo? Bale batu hawajuwe Kiespanyoli!"

"Hawajuwe kabisa!" mwenye nywele nusu aliitikia. "Ni bongo!"

"Papa Benite njo anajuwaka," Candide alisema, na vichwa vyote vikageukia kona. "Papa Benite, tuambie. Ni bongo, njo?"

Alihitaji kuitikia kwa kichwa tu. Watu wenyewe walikuwa wamemjengea daraja, na angevuka na jina lake likiwa safi hadi siku ya kuzikwa. Akamtazama Marguerite. Marguerite hakuwa amekasirika wala hakulia. Alikuwa anamtazama kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali.

"Benite anafasiri muzuri," Byamungu alisema. "Kifaransa iko sawa. Mi njo nilikosea."

"Ananyenyekea!" Candide alicheka. "Munaona heshima ya huyu mutu? Hataki kusema mubaya juu ya kazi ya bengine." Wakaendelea kuwatukana Wafaransa mpaka mwisho wa kipindi, na Rosaura alipotema mate walizima televisheni kwa hasira.

Marguerite alikuwa ameshatoka zamani. Byamungu alimkuta uani nyuma ya nyumba, kwenye benchi.

"Ile ngombe," Marguerite alisema bila kumwangalia.

"Ngombe gani?"

"Ya nyuma ya Leandro. Alisema hana ngombe, na ngombe ilijaa kule nyuma. We ukasema ni ya jirani. Miaka yote mi najisemea: huyu mutu ni tajiri, na ananyenyekea mbele ya mwanamuke." Akageuka. "Mwenye hakuwa na ngombe alikuwa we."

"Njo."

"Na mwenye hakuwa na baba wa kumusemea?"

"Ni mi."

"Na ile ya mvua? Na ile alimwambia Rosaura juu ya mikono yake, ile siku ya soko?"

"Yote, Mama Benite. Yake ni ile ya kuzika mama. Ingine yote ni yangu."

Marguerite alivua kitenge kichwani, akamchapa nacho. Akamchapa tena, begani na mgongoni, na Byamungu hakukinga.

"Miaka makumi mbili! Nagombana na we, nakwambia Leandro hangesema vile, na we unanyamaza! Nalilia bwana ya batu siku tano, mbele ya mutoto wangu, na we unasimama tu ku mulango! Juu ya nini haukuniambia?"

Byamungu alifungua mdomo. Alijaribu kutafuta neno zuri, maana hiyo ndiyo kazi yake, na mahari ngapi alikuwa ameziokoa kwa neno zuri. Hakuna lililokuja. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, haikuwa hata na nusu ya ile ya ukumbini.

"Niliogopa," alisema. "Ile maneno ulipenda juu ya vile ilitoka kwa mutu mukubwa, mwenye farasi na masharubu. Nikasema, akijuwa inatoka kwa mi, mwenye kununua mandazi na kidole, haitakuwa tena muzuri. Njo ivyo. Niliogopa, na ata sasa naogopa."

Marguerite alimsikiliza mpaka mwisho. Mkono wenye kitenge ukashuka polepole mpaka mapajani.

"Na iyo?" aliuliza. "Iyo nayo ni ya nani?"

"Ni yangu."

Alimtazama mume wake muda mrefu, tangu kandambili mpaka kipara, kama anayeona uso kwa mara ya kwanza baada ya kuzoea sauti. Kisha akasogea pembeni ya benchi, akampisha nafasi.

"Kaa," alisema. "Sema ingine."